Unapaka Nini Usoni

Kisangani, neno makiyaje halina maana ya poda na rangi ya midomo. Maana yake ni kuchubua ngozi: kupaka krimu za kuondoa weusi asubuhi na jioni, mpaka uso ung'ae na shingo ibaki na mabaka. Mwanamke akisemwa kuwa anafanya makiyaje, watu hawaongelei uso wake tu. Wanauliza pia ni nani anayemnunulia. Katika miaka ya vita swali hilo la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza, kwa sababu krimu, kama chumvi na sabuni, ilikuja kwa ndege kutoka mashariki, na wenye ndege walikuwa askari wa kigeni na watu waliofanya nao biashara.

Mama yangu alibandikwa neno hilo karibu muda wote wa vita. Hakuwahi kununua hata kopo moja.

Papa hakuwepo. Alikuwa fundi wa injini za boti, na kabla ya vita alishuka na boti moja mpaka Kinshasa, safari aliyoizoea kama watu wengine wanavyozoea njia ya sokoni. Boti ikiwa bado bandarini kule, vita vikaanza na mto ukafungwa. Sisi tukabaki upande wa waasi na majeshi ya jirani, yeye akabaki upande wa serikali. Mto ulikuwa uleule, maji yaliyopita kwetu leo yangemfikia yeye baada ya siku kadhaa, lakini mtu hakuweza kupita. Mama hakulalamika sana juu ya njaa wala risasi. Alichohofia, na alinitamkia wazi mimi binti yake mkubwa, ni kwamba habari ya uso wake ingefika Kinshasa kabla ya neno lake mwenyewe, na siku mto ukifunguliwa Papa asingerudi nyumbani kwake.

Tulikaa mtaa wa Kabondo. Mama alikuwa msusi. Mbele ya nyumba kulikuwa na kipande cha bati kwenye nguzo nne, na chini yake kiti cha chini cha mteja na kiti cha juu cha Mama. Wanawake walikuja kusukwa kwa uzi mweusi, na wenye uwezo kwa meshi, zile nywele za bandia. Kusuka ni kazi ya saa nyingi, na mteja hana kitu kingine cha kufanya ila kuongea. Kwa hiyo kila uvumi wa mtaa ulipita chini ya bati letu kabla ya kwenda mbali. Wa kwake pia ulianzia hapo, mbele yake, ukiwa umevaa nguo za sifa.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwenye vidole. Asubuhi, akiosha vyombo kwa maji yaliyolala nje, vidole viwili au vitatu vilikuwa vyeupe kabisa, kama vya mtu aliyekanda unga, halafu vikawa vya samawati, halafu vikarudi vikiwaka moto. Alivitia kwapani akacheka. Wateja waliguswa shingoni na vidole hivyo wakaruka, wakisema mikono yake ni ya maiti. Baadaye mikono ilivimba kidogo, kama ya mtu aliyepigana na nyuki. Uvimbe ukaondoka, lakini ngozi haikurudi kuwa kama zamani. Ilibana. Ilishika vidole kama soksi ndogo inavyoshika mguu mkubwa.

Kisha uso. Mikunjo aliyokuwa nayo kwenye paji la uso ikapotea. Mashavu yakalala, yakawa laini na yenye kung'aa, pua ikachongoka. Hapo ndipo sifa zilipoanza. Mteja mmoja, muuza samaki wa kutoka Yanonge aliyekuwa akija kila mara alipoleta mzigo, alimgeukia kutoka kwenye kiti cha chini akamwambia kuwa vita vinawazeesha wote isipokuwa yeye. Mama alifurahi, sitaki kusema uongo. Alikuwa amefika umri ambao sifa kama ile haiji kila siku. Alichukua kioo cha wateja akajitazama kwa ubavu.

Baada ya miezi kadhaa, mabaka yakatokea shingoni na kifuani: sehemu zilizopoteza rangi, na ndani yake vidoti vyeusi vidogo vidogo, kama manyoya ya kanga. Sifa zikageuka kuwa swali.

"Mama, unapaka nini?"

Aliulizwa kwanza kwa wivu, na waliotaka kujua jina la krimu. Alipojibu kuwa hapaki kitu, walicheka wakasema anaficha dawa yake. Kisha aliulizwa kwa sauti nyingine. Kulikuwa na mwanamke kijana aliyeishi na afisa mmoja wa wale wageni. Alikuja kusukwa kwetu kwa gari, na dereva mwenye bunduki alimsubiri barabarani, akitafuna miwa. Huwezi kumkataa mteja wa namna ile. Lakini gari la jeshi likisimama mbele ya nyumba ya mwanamke ambaye mume wake hayupo, na mwenye nyumba uso wake unang'aa, mtaa mzima unajua kuhesabu moja na moja. Ikasemwa kwamba gari lile halimleti mteja, linaleta makopo. Ikasemwa kwamba dereva ndiye anayesubiriwa, si anayesubiri.

Wateja wa parokia wakapungua. Waliobaki walikuja kwa sababu mimi pia nilijua kusuka, na hapo mikono ya Mama ilikuwa imeshaanza kumwangusha. Uzi unahitaji ncha za vidole zibane kitu kisicho na unene, na zake hazikukutana tena. Alikaa kwenye kiti cha juu akigawa nywele kwa kitana, mimi nikisuka. Aliniambia sehemu ipi nivute na ipi nilegeze, na mara nyingine alinyoosha mkono kunionyesha, akaurudisha kwenye mapaja yake.

Ndipo Tonton akaja. Tonton ni mdogo wake Papa. Aliishi Mangobo, mtaa mwingine wa mji, akitengeneza baiskeli za watu wa toleka, wale vijana wanaobeba abiria kwenye kiti cha nyuma. Kazi hiyo ilimletea habari nyingi kuliko sisi. Mtu wa toleka hubeba kila mtu na kusikia kila kitu. Alifika jioni, jua likiwa bado juu ya migazi, ile michikichi ya jirani, akaomba maji, akanywa yote, akaweka kikombe chini.

"Semeki," akamwambia Mama, maana ndivyo shemeji wanavyoitana kwetu, "leta makopo."

"Makopo gani?"

"Ya makiyaje. Leta yote, tuyaone."

"Nyumba ni ya kaka yako. Tafuta."

Alitafuta. Aliinua godoro, akachungulia ndani ya sufuria, akafungua sanduku la nguo za Papa. Mama alibaki kwenye kiti chake nje, akimtazama muuza mikate aliyekuwa akipita. Kwenye rafu, nyuma ya taa, Tonton alipata kopo. Lilikuwa kweli kopo la krimu, lenye picha ya mwanamke mwenye mashavu meupe. Alitoka nalo amelinyanyua kama mtu aliyekamata panya.

"Na hii?"

"Fungua," Mama akasema.

Alifungua, akatumbukiza vidole, akavitoa haraka. Ndani mlikuwa na sindano za kusukia meshi. Mteja alikuwa amelitupa likiwa tupu, na Mama akaliokota kwa sababu kifuniko chake kilifunga vizuri. Tonton alinyonya kidole chake, akafikiri.

"Bon. Sindano," akasema. "Lakini krimu yenyewe ilienda wapi?"

Baada ya Tonton kuondoka, Mama alisema kwamba mtu huyo angekuwa hakimu angewafunga hata waliozaliwa jana. Alicheka, na midomo yake ikapasuka pembeni. Hapo nilifahamu kuwa hata mdomo ulikuwa umeanza kubana.

Tulikwenda kituo cha afya. Sisemi kilikuwa kipi, na muuguzi wa pale alifanya alichoweza akiwa na kabati tupu. Aliwaza ukoma. Alimfunga Mama macho kwa kitambaa, akamgusa mabaka kwa pamba, akamchoma kwa ncha ya pini, akiuliza wapi. Mama alijibu kila mguso bila kukosea. Basi si ukoma. Muuguzi alishukuru Mungu pamoja nasi, akamtazama tena, akampa ushauri wake: kabla ya dawa yoyote, mama aache kwanza makiyaje, apumzishe ngozi. Nilianza kubisha. Mama alinishika mkono akasimama. Tulitembea kuelekea nyumbani, na kwenye kona ya shule akaniambia kwamba ukoma ungekuwa afadhali, kwa sababu mtu haulizwi nani amemnunulia.

Halafu majeshi mawili ya kigeni, yaliyoingia kama ndugu, yakapigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji wetu. Wengi wameshasimulia siku zile, nami sina la kuongeza juu ya makombora. Ninachokumbuka ni kazi ndogo. Tulilala sakafuni, ukuta hadi ukuta. Maji hayakuwepo, nami nilimpa Mama ya akiba kwa kijiko cha chai, kwa sababu kikombe hakikuingia vizuri kati ya midomo yake na yalimwagika, na kumwaga maji siku zile ilikuwa dhambi. Mihogo baridi niliimega vipande vidogo. Alitafuna polepole akiangalia paa. Kila kishindo alisema jina la mtoto wake mmoja mmoja, kuhakikisha tupo, kisha jina la Papa, ingawa Papa hakuwa chini ya paa lile.

Mapigano yalipokwisha na watu wakazika watu wao, parokia moja ilirudisha foni yake. Foni ni redio ya kupigia sauti: betri ya gari, waya mrefu mtini, na kijana aliyejua masafa. Ng'ambo, Kinshasa, kulikuwa na foni nyingine ya wamisionari. Kwa njia hiyo watu wa pande mbili za vita waliambizana nani amezaliwa na nani amekufa. Sheria zilikuwa mbili. Usitaje askari. Na ukimaliza kusema, sema "à vous", yaani zamu yako, uachie kitufe, umngoje mwenzako. Hapakuwa na siri. Sauti ilitoka kwenye spika, na waliosubiri zamu yao kwenye benchi walisikia kila kitu, wa kwetu na wa kule.

Ujumbe ukaja kwamba Papa atakuwa kwenye foni. Ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu mto ufungwe. Mama alivaa kitenge alichokuwa amekitunza, akajifunga kilemba. Njiani alinisomea maneno aliyoyapanga: kwanza watoto wote wazima, pili nyumba haikupigwa, tatu anamwomba avumilie. Benchi lilikuwa limejaa. Nusu yao walikuwa wateja wake wa zamani.

Kitufe cha foni kilikuwa kigumu na kidole gumba chake hakikuwa na nguvu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekibonyeza. Papa alisikika kama mtu anayeongea huku anamimina mchanga. Alisalimia. Aliuliza watoto. Mama akaanza maneno yake ya kwanza na ya pili. Kabla ya la tatu, Papa akasema:

"Mama, watu wanasema. Mi nataka kusikia kwa mudomo yako mwenyewe. Unapaka nini usoni? À vous."

Niliwaza haraka nani alimfikishia, na sikuhitaji kuwaza mbali. Tonton alishawahi kupita pale kabla yetu.

"Sipaki kitu," Mama akasema.

Lakini midomo ile haikukutana vizuri tena. Herufi zinazotaka midomo ifungwe zilitoka kama pumzi tu, na mwanzo wa neno ulimezwa na kelele za hewani.

"Kitu?" Papa akasema. "Unapaka kitu? Kitu gani? À vous."

"Sipaki. Ni ngozi yenyewe inafanya."

"Rudia."

"Ni ngozi. Ngozi yenyewe inafanya."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, si kwa sauti kubwa. Nilisogeza mdomo wangu kwenye kifaa nikasema Papa, Mama ni mgonjwa, lakini kijana wa foni alitikisa kichwa. Masafa yalikuwa yamekwenda. Alijaribu mara kadhaa, tukasikia mchanga tu, na foleni ilikuwa ndefu. Mama aliinuka, akawashukuru wote waliokuwa kwenye benchi kama mtu anavyoshukuru msibani, tukatoka.

Ni ngozi yenyewe inafanya. Sentensi hiyo nimetembea nayo miji mingi. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Tangu nilipoondoka Kisangani nimekaa Bunia, Kampala, Bujumbura, Mwanza, Nairobi, na kila mahali niliposuka nywele za watu nilikaa mpaka nilipoanza kuota mto, kisha nikafunga mzigo, si kurudi, bali kwenda kwingine. Nairobi, katika mwezi wa baridi, vidole vyangu viwili viligeuka vyeupe. Kesho yake nilikwenda kupanga foleni kwa daktari wa ngozi.

Alikuwa mwanamke, mwenyeji wa pwani, Kiswahili chake kama maji. Alipima mikono yangu, akatazama mizizi ya kucha kwa lenzi, akasema kwangu ni baridi tu kwa sasa, nirudi nikiona mabadiliko. Ndipo nikamweleza habari ya Mama, kuanzia vidole mpaka pumzi, maana ndiyo iliyomuua: miaka michache baada ya vita alianza kuhema kwa kupanda ngazi tatu za kanisa, na mwishowe kwa kulala tu. Daktari alisema jina la ugonjwa, jina refu lenye maana ya ngozi ngumu, na kwamba unaobana ngozi huweza kubana mapafu vilevile.

Nilimuuliza kama ni kweli ngozi inaweza kufanya hivyo yenyewe. Shuleni nilikuwa tawi la biokemia, na hata wakati wa vita mwalimu wetu alitusomesha bila vitabu kwamba siri za mwili zimeandikwa kwenye ADN, ile ambayo huku huitwa DNA, na ARN, yaani RNA, ndiyo inayobeba ujumbe kwenda kutengenezwa protini. Nilimwambia daktari kwamba mpaka hapo naelewa. Alifurahi, akavuta kiti karibu.

Alisema mwalimu wangu alinifundisha nusu. Kuna ARN nyingine, fupi sana, ambazo hazitengenezi protini yoyote. Zamani hata wataalamu hawakuzijali. Kazi yake ni kunyamazisha. Ngozi inashikwa na nyuzi za kolajeni, na kila mara chembe hai ikitaka kusuka nyuzi, ujumbe unatoka. Hizi ndogo huukamata ujumbe na kuuzima, nyuzi zikishatosha. Katika ngozi ya wagonjwa kama Mama, baadhi ya zile zinazozima ujumbe wa kolajeni hupungua. Nyingine huzidi, nazo kwa bahati mbaya huzima breki yenyewe. Basi nyuzi zinaendelea kusukwa na hakuna wa kusema inatosha. Si hizo peke yake, aliniambia, kuna damu, kuna kinga ya mwili inayougeukia mwili wenyewe, na hakuna anayejua mwanzo uko wapi. Wanazitafuta sasa kwenye damu ya wagonjwa, wakitumaini siku moja zitaonyesha ni nani atakayebana haraka, au ziweze kurudishwa mwilini kama dawa. "Hatujafika," akasema, na nilimheshimu kwa kusema hivyo.

Nilitoka pale nikakaa kwenye ukuta wa nje. Nilijaribu kuwaza maelezo yale yakisemwa kwenye foni, kelele zikipita, mbele ya benchi lile: kwamba ni kipande kidogo kisichotengeneza kitu, ambacho kimepungua. Nani angemwamini? Wangesema amepata mganga msomi. Lakini nilijuta kwamba Mama mwenyewe hakuyasikia. Alikufa akidhani kwamba pengine, bila kujua, kuna kitu alichokishika siku moja, sabuni fulani, mafuta ya mteja fulani.

Nirudi Kisangani. Mto ulifunguliwa kabla ya amani kamili. Majahazi ya chuma yalianza kupanda kutoka Kinshasa, na mji mzima ulikwenda bandarini kuyatazama kama watu waliosahau boti ni nini. Mama hakwenda. Alisema anayejua nyumba yake atakuja kwenye nyumba yake. Alikaa chini ya bati tangu asubuhi, amefunga kilemba. Jioni tukapata habari kupitia kijana wa toleka kwamba Papa amefika, amepelekwa Mangobo kwa Tonton, na mfuko wake uko kule.

Kwetu jambo hilo halihitaji kuelezwa. Mume anayerudi na kulala kwa ndugu yake hajarudi. Mama alivua kilemba akakikunja vizuri.

Walikuja Jumapili baada ya misa: Papa, Tonton, na wazee wawili wa ukoo. Papa alikuwa amekonda, na nywele zimeingia mvi pande zote. Tulipomsalimu sisi watoto alitushika vichwa mmoja mmoja. Alipofika mbele ya Mama alisimama. Nadhani alikuwa amejiandaa kuona uso wa mwanamke anayejipamba, na alichokiona hakikuwa hicho. Alikaa.

Tonton alianza kusema kwa niaba ya ukoo, juu ya heshima, juu ya magari. Papa hakuwa akisikiliza. Alikuwa akitazama mikono ya Mama, iliyolala kwenye mapaja, vidole vimekunjika kama vya mtu anayeshika kitu kisichoonekana. Akanyoosha mkono wake.

"Nipe," akasema.

Mama alimpa. Papa alijaribu kuvuta ngozi ya juu ya mkono kwa vidole viwili, kama tunavyofanya kwa watoto kwa mchezo. Haikuinuka. Alijaribu juu zaidi, karibu na kiwiko. Ngozi ilikuwa imegandamana na mfupa. Alikuja kutuambia baadaye kwamba Kinshasa alipanga chumba kwenye nyumba ya wanawake waliofanya makiyaje, na ngozi yao ilikuwa nyepesi kama ya kitunguu, mishipa ikionekana, jeraha dogo halifungi. Hii ilikuwa kinyume chake kabisa.

"Haikamatike," akamwambia Tonton. "Kuja, jaribu weye."

Tonton alisogea. Mama akaurudisha mkono wake.

"Mi hapana nyama ya soko," akasema, "kila mutu apapase."

Tonton akasema basi, semeki, kaka ameshafika, yaishe. Mama alimwambia anyamaze, kwamba sindano ilimchoma kidogo mno. Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Kisha Mama akamgeukia Papa. Alisema polepole, kwa sababu ya midomo yake, na hakuna aliyemkatiza.

"Uliniuliza kwa foni. Watu wa hapa walisikia, watu wa kule walisikia. Sasa umejua. Donc, jibu nalo lipite kwa foni. Ukimaliza, leta mufuko yako."

Niliogopa. Mwanamume wa kwetu huomba msamaha kwa kununua kitenge, au kwa kurekebisha paa bila kuombwa. Hasimami mbele ya spika. Wazee walitazamana. Mama aliondoka akaingia ndani, na hakutoka tena siku ile. Papa alirudi Mangobo.

Siku iliyofuata ya foni tuliondoka nyumbani mapema, Mama na mimi, bila kujua kama atakuja. Mama alikaa kwenye benchi pamoja na wengine, akashika zamu, kana kwamba yeye ndiye mwenye ujumbe. Wanawake walimpisha nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Zamu ilipokaribia, Papa alionekana langoni, amevaa shati lililopigwa pasi. Hakumtazama mtu. Aliingia, akakaa mbele ya kifaa, akawaita ndugu zake wa Kinshasa, waliokuwa wamempokea na kumpa habari pamoja na chakula.

"Niko Kisangani," akasema. "Nimeona bibi yangu. Hapaki kitu. Ni mugonjwa. À vous."

Mchanga ukamiminika. Sauti ya kule ikauliza: "Unasema anapaka kitu?"

Benchi likageuka kumtazama Mama. Papa akasogeza mdomo wake karibu, akatamka kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma.

"Hapana. Ha-pa-ki. Hajapaka hata siku moja. Nilikosea kumuuliza vile. Rudia, nisikie kama umeshika. À vous."

Tukasubiri. Kijana wa foni aligeuza kitufe kidogo, akageuza tena. Kule mbali sauti ikarudi, dhaifu lakini safi, ikirudia maneno hayo yote, na ya mwisho ikayasema mara mbili.

Papa aliachia kitufe. Alipotoka, Mama alikuwa ameshasimama. Hakutabasamu, uso wake haukuweza tena. Alimwuliza mfuko uko wapi, Papa akasema uko langoni, kwa yule wa toleka. Mama akasema basi ulipiwe uende mbele, sisi tutatembea. Tulitembea. Alikuwa mwepesi wa kuchoka siku zile, na kila aliposimama kuvuta pumzi Papa alisimama naye, upande wa barabara, mbele ya watu wote waliokuwa wakipita kwenda sokoni.